Hodi ya Saba

1

Kidole gumba cha Burkadi Luambano kilisogea saa nne na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, na aliyekisogeza ni mimi. Wapo watakaosema ni Mungu, na wapo watakaosema ni Profesa. Mungu simpingi. Lakini dawa iliyokiamsha kidole kile niliipika mimi, Tulalumba Kihwele, kwa mikono yangu, katika chumba cha tatu cha Kituo cha Neva hapa Kihesa, Iringa, na sitasema vinginevyo ili tu nionekane mnyenyekevu.

"Kisogeze tena," nilimwambia.

"Hakitaki. Kimeona sura yako kimeogopa."

"Kisogeze, Mngoni, kabla sijakirudisha kaburini."

Akakisogeza. Safari hii hata kidole cha pili kilifuata. Burkadi aliutazama mkono wake wa kulia kama mtu aliyetembelewa na ndugu aliyedhani amekwishakufa, kisha akageuza uso upande wa dirisha ili nisimwone akilia. Nilimwona. Nikafurahi kupita kiasi, na sikuificha furaha yangu.

Huyu bwana ni fundi wa mashine za kusaga, kutoka upande wa Peramiho. Miezi kumi na moja kabla ya siku hiyo mkanda wa mashine ulidaka mkono wa shati lake, ukamvuta, ukazing'oa neva za mkono mzima begani. Madaktari walizishona, lakini kushona peke yake hakutoshi. Neva ikikatika huota upya kwa milimita moja kwa siku, na kutoka begani hadi kiganjani ni mwendo wa karibu miaka miwili. Msuli hauna subira hiyo. Usiposikia kitu kutoka kwa neva, huanza kusahau. Vipokezi vyake, vile vinavyopokea amri ya kukunja na kukunjua, hutawanyika kama watu waliochoka kumngoja mgeni. Ukipita mwezi wa kumi na nane, neva hata ikifika hukuta ukuta mtupu.

Katika mwili mzima, neva inapoufikia msuli hutoa kemikali iitwayo agrini. Hiyo ndiyo hodi yake. Msuli ukiisikia hukusanya vipokezi vyote mahali pamoja, na hapo ndipo mlango unapojengwa. Sisi tuliitengeneza hodi hiyo nje ya mwili tukaipaka msulini mapema, ili neva ikifika ikute mlango uko wazi na wenyeji wamesimama. Matoleo sita ya kwanza yalifanya hivyo tu. La saba nililitia kitu changu mwenyewe. Lilifungua mlango na pia liliivuta neva ije mbio, milimita nne kwa siku. Hakuna aliyewahi kufika hapo, na sisi tulifika tukiwa na jokofu moja bovu na umeme wa kubahatisha. Nilijisikia mkubwa, na nilikuwa mkubwa.

Ukutani, juu ya kitanda cha Burkadi, kulikuwa na Karani. Kwa sheria ya siku hizi kila wodi ya majaribio lazima iwe na mashine hiyo. Husikiliza kila anachosema mgonjwa, na likipita lalamiko huliandika na kulituma Dodoma kwenye Baraza la Dawa Hai. Mtu hawezi kulifuta. Ni sheria nzuri sana, ila walioitunga hawakufikiria itakuwaje siku Mhehe atakapomtibu Mngoni.

Maana sisi ni watani. Babu zetu walipigana mpaka wakachoka, na tangu hapo tumebaki kutukanana kwa amani. Wiki ya kwanza Karani alituma Dodoma tahadhari arobaini. Mgonjwa anadai analishwa nyama ya mbwa. Fundi wa dawa ameahidi kumzika mgonjwa kabla ya Ijumaa bila sanda. Mgonjwa anasema ukoo wa fundi huyo ni wezi wa ng'ombe. Dodoma walipiga simu mchana na jioni, na Profesa Zubeda Shekilindi, mkuu wetu, akaniita ofisini.

"Tulalumba, nyamazeni au mnyamazishe hiyo mashine."

Kunyamaza haikuwezekana. Ukimnyamazia mtani wako umemwambia si mtu. Kwa hiyo nilikaa na Karani siku mbili nikamfundisha. Nilimweleza nani ni mtani wa nani nchini, nikamsikilizisha namna sauti inavyopanda mtu akitania, kisha nikampa kanuni moja fupi: Mhehe na Mngoni wakitupiana maneno, usitume. Karani akatulia. Katika kikao cha wafanyakazi nilipigiwa makofi, na mimi nikainama mbele yao kama bibi harusi.

2

Baraza lilipanga kuja Alhamisi ya pili ya mwezi wa nne. Wakitupa kibali, Jumatatu yake tungeanza kuwatibu watu thelathini na mmoja waliokuwa wakisubiri. Wa kwanza kwenye orodha alikuwa Yusta Kaduma, fundi cherehani wa Mafinga, aliyeangukiwa na lango la chuma bega likasagika. Mkono wake ulikuwa kwenye mwezi wa kumi na sita. Kila alipokuja kupimwa alinionyesha pindo alizojifunza kushona kwa mkono wa kushoto, zimepinda kama njia ya ng'ombe, na kila mara aliniuliza, "Dada, Jumatatu ni Jumatatu kweli?" Nami nilimwambia ni Jumatatu kweli.

Siku mbili kabla ya Baraza nilikwenda kumfanyisha Burkadi mazoezi. Nilimpa mpira wa sponji aubane. Aliubana vizuri, kwa nguvu ambayo hata mimi sikuitegemea.

"Haya, sema," nilimchokoza. "Leo huna tusi? Au Mngoni ameishiwa?"

Alifungua mdomo kunijibu. Hakuna kilichotoka. Alikuwa anaubana mpira huku ananitazama, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Kisha akaufungua mkono, mpira ukaanguka, na pumzi ikamwingia kwa kishindo.

Kicheko changu kilikatikia njiani.

"Burkadi, hiki ni nini?"

"Ni kile kile."

"Kipi?"

"Nimekuambia mara tatu, Mhehe," alisema taratibu, bila kutabasamu. "Umecheka mara tatu."

Nilikwenda chumba cha mashine nikamwamuru Karani anifungulie yale asiyoyatuma. Yalikuwa mengi, miezi mizima ya mizaha, lakini sikuhitaji kutafuta sana. Tarehe nne mwezi wa tatu, sauti ya Burkadi: "Mhehe, ngumi na pumzi umenifungia kwenye kamba moja. Nikivuta hii, ile nayo inakuja." Tarehe kumi na tisa: "Dawa yako mwizi kama baba zako. Imeniibia pumzi ya upande wa kulia." Tarehe mbili mwezi wa nne: "Nikilala chali nazama. Utanizika lini? Maana naona umeshaanza."

Na baada ya hilo la tatu nikaisikia sauti yangu mwenyewe, imejaa raha: "Zama salama, Mngoni. Tutakuja kunywa ulanzi matangani kwako."

Niliisikiliza mara mbili. Niliona aibu, aibu ya kukaa kwenye kiti na kushindwa kuinuka.

3

Picha ya kifua ilichukua dakika kumi. Chini ya mapafu kuna kiwambo, msuli mpana unaoshuka ili hewa iingie. Upande wa kushoto wa Burkadi kilishuka inavyotakiwa. Upande wa kulia kilitikisika kidogo tu kikaishia hapo.

Sikuhitaji kuelezwa. Neva inayokiamuru kiwambo hushuka kupitia shingoni, karibu kabisa na bega. Hodi yangu ilikuwa na mvuto mkubwa kuliko nilivyokusudia. Matawi ya neva ile yaliisikia, yakaiacha kazi yake ya nyumbani, yakageuka kuufuata mwito wa mkononi. Sasa neva moja ilikuwa inahudumia mabwana wawili. Burkadi akikunja ngumi, amri iliyokuwa ya pumzi ilikwenda kwenye vidole.

Profesa aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Ni mama wa Kisambaa, mpole, aliyeuza shamba la urithi Lushoto ili kituo kile kisimame, kwa hiyo sitaki mtu amfikirie vibaya.

"Wagonjwa wengine kumi na mmoja tuliowapa toleo la saba?" aliuliza.

"Leo wako salama. Lakini walianza miezi mitatu baada yake."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui."

"Mimi nakijua kimoja." Aliivua miwani. "Baraza likisikia hili litafunga toleo la saba kwa siku tisini. Hawana kipimo kingine, ndiyo sheria yao. Yusta ana siku ngapi?"

"Sitini. Labda sitini na tano."

"Basi mkono wa Yusta tumeukata wewe na mimi, kwa sababu ya jambo usilolijua. Tupate kibali kwanza. Jumatatu tunaanza na dozi ndogo, tunawapima pumzi kila siku, na picha hii tunaipeleka wiki ijayo kwa utaratibu wake. Na kwa sheria hukupokea lalamiko, Tulalumba. Ulipokea utani. Utani hauandikwi popote."

"Yule mtu alikuwa anazama, Profesa."

"Alikuwa anacheka."

"Angelia vipi mbele yangu? Mimi ni mtani wake!"

Aliivaa tena miwani yake. Nilitoka pale nimemkasirikia, na kibaya zaidi ni kwamba hesabu yake ya Yusta sikuweza kuipinga.

Nikarudi kwa Burkadi, nikadhani yeye atanisaidia. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba ipo dawa ya kuifunga milango iliyozidi, inayoweza kumrudishia pumzi ila itauchukua mkono.

"Usiseme," alisema papo hapo.

"Unasemaje?"

"Usiwaambie. Nina pumzi nusu, inanitosha. Mwaka mzima nilivalishwa suruali na mwanangu wa kike. Unajua hiyo ni nini kwa mwanamume? Juzi nimefunga kifungo cha shati mwenyewe." Akaukunja mkono ule polepole, akaufungua. "Na isitoshe hii dawa ni yako. Nimekuona unavyoitazama. Sikutaka kuja kuiharibu mbele za watu. Ndiyo maana nilikutania, nikasema ukitaka kusikia utasikia."

"Sikutaka kusikia," nikasema.

"Nilijua."

Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Mtu yule aliogopa majivuno yangu kuliko alivyoogopa kufa. Nilijiuliza usiku na mchana wake kama naweza kumfanya Yusta naye aniogope hivyo, na wale thelathini nyuma yake.

4

Baraza walikuja watano, na mwenyekiti wao alikuwa Daktari Kapela Misigalo, Mnyamwezi wa Sikonge, mtu wa kitambi na bashasha. Profesa aliwaonyesha takwimu. Burkadi, amevaa suti ya kuazima, alichukua kikombe kwa mkono wa kulia akanywa maji, na ukumbi mzima ukashangilia. Nakiri moyo wangu ulipanda. Ulikuwa ni mkono wangu ule, kwa namna fulani, na ulikuwa mzuri.

"Malalamiko ya wagonjwa?" aliuliza mwenyekiti.

"Sifuri," alisema Karani kupitia spika ya ukumbini, kwa sauti yake isiyo na chumvi.

Nilisimama. Profesa alinitazama, akatikisa kichwa kidogo sana. Nikamwambia Karani asome yale matatu ya Burkadi asiyoyatuma, pamoja na majibu yangu.

Akasoma. Lile la ngumi na pumzi kwenye kamba moja liliwachekesha wawili. Lile la dawa mwizi liliwachekesha wote, maana Mnyamwezi naye ni mtani wa Mngoni na hakuweza kujizuia. Alipofika kwenye ulanzi wa matangani, Daktari Misigalo alikuwa anafuta machozi kwa leso.

"Wangoni hawa!" alisema. "Sasa, mama, umetusomea haya ya nini?"

"Ili mcheke, mheshimiwa," nilisema. "Mmecheka kama nilivyocheka mimi. Kanuni ya kutotuma maneno haya niliiweka mimi, kwa mkono wangu, nikapigiwa makofi. Na kila alilolisema mtu huyu ni kweli."

Mwenyekiti akaishusha leso. Nikamgeukia Burkadi. Sikuwa na haki ya kumlazimisha na sikumlazimisha, nilimwangalia tu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala gotini. Kisha akainuka.

"Mama Kihwele," akaniita. Tangu tujuane hakuwahi kuniita hivyo. "Umeshasema. Mimi siwezi kukaa hapa wewe ukaonekana mwongo."

Akawageukia Baraza. "Naitwa Burkadi Luambano. Hapa sitanii. Sikilizeni." Akafungua kiganja cha mkono wa kulia akahesabu kwa sauti, moja mpaka kumi, sauti nzito ya mtu aliyezoea kupigia watu kelele juu ya mngurumo wa mashine. Akapumzika. Kisha akakunja ngumi, akaikaza, akaanza upya.

"Moja. Mbili. Tatu. Nne."

Hapo akaishia. Mdomo uliendelea kuumba tano, na sita, lakini ukumbini hapakusikika kitu. Alikaza ngumi ile makusudi mpaka kila mmoja wao akamwona, mpaka mwenyekiti akanyanyuka kwenye kiti na kusema, "Achia, ndugu yangu, achia, tumeelewa." Ndipo akaachia.

Nimewahi kuona watu wakionyesha ushujaa kwa mikuki kwenye ngoma. Sijaona ushujaa kama wa Mngoni yule aliyesimama akiusaliti mkono wake mwenyewe ili watu asiowajua wapumue. Niliona fahari ya kuwa mtani wake.

Uamuzi ulitoka baada ya nusu saa. Toleo la saba limefungwa kwa siku tisini. Wale kumi na mmoja wapimwe siku hiyo hiyo, na Karani afutiwe kanuni yangu. Waliuliza jina la kuandika kwenye kosa, na Profesa akaanza kusema ni kosa la kituo.

"Andikeni Tulalumba Kihwele," nilisema. "Kidole kiliposogea nilisema ni mimi. Sasa siwezi kusema ni kituo."

Profesa alikwenda mwenyewe kusimamia vipimo. Alipopita karibu yangu alinishika bega, akaliminya, akaenda. Jioni hiyo picha zilionyesha viwambo viwili zaidi vilivyoanza kulegea, vya watu ambao walikuwa bado hawajahisi chochote. Burkadi alitia saini ya kupewa dawa ya kufunga milango. Aliitia kwa mkono wa kulia, taratibu, kila herufi, na hakuna aliyemharakisha.

5

Yusta Kaduma alikuwa kwenye benchi la nje, upande wenye jua, amevaa sweta mbili kwa ajili ya baridi ya Iringa. Mkono wa kulia umefungwa kwa khanga kifuani. Kwa wa kushoto alikuwa anapiga pindo gauni la mtoto. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yote, bila kupunguza.

Alipitisha sindano mara mbili tatu kabla ya kusema.

"Kwa hiyo Jumatatu hakuna."

"Hakuna."

"Ungenyamaza ningepata."

"Ungepata."

"Yule mzee, amehesabu mpaka ngapi?"

"Mpaka nne."

Aliiweka sindano. Nilisubiri anitukane. Yeye ni Mbena, sisi ni watu wamoja na hatuna utani, kwa hiyo angenitukana lingekuwa tusi kweli, na nilikuwa tayari kulibeba. Badala yake aliuchukua mkono wake mfu kwa ule mzima, akaulaza juu ya gauni, akauangalia.

"Hiyo dawa," alisema, "ikipunguzwa mvuto, ikafungua mlango bila kuiba neva za watu. Inawezekana?"

"Inawezekana. Sijui kwa siku sitini. Na wao lazima waikubali tena."

"Nani mwingine anayejua kuipika?"

Nilifikiria kusema kituo kina mafundi wengi hodari. Ingekuwa adabu, na ingekuwa uongo.

"Hakuna," nilisema. "Ni mimi peke yangu."

Yusta aliinua macho. Yalikuwa yamejaa machozi na hasira, na hayakuwa na msamaha hata kidogo.

"Sasa umesimama hapa unanitazama usoni kwa kazi gani?" alisema. "Nenda kapike."

Nikaenda.